Mkanda wa Miaka, Kasha la Dakika Moja

Mkanda wa saa wa ngozi una uzito wa gramu 15 hivi, au 20 ukiwa mpana na bizimu yake ikiwa nzito. Ukiulaza, unatosha ndani ya bahasha ya barua. Lakini mkanda ninaouvaa sasa ulitoka Dar es Salaam ukiwa ndani ya boksi ambalo utingo wa basi alilishika kwa mikono miwili aliponikabidhi hapa Mombo, huku wauza machungwa wakipigania madirisha. Namba yangu ya simu ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa wino mzito, kama inavyoandikwa kwenye kila kifurushi kinachosafiri kwa basi nchi hii. Mtu aliyesimama nyuma yangu akaniuliza kama nimeletewa redio.

Nilifungua tabaka moja baada ya jingine. Nje kulikuwa na mfuko wa plastiki wa kijivu ambao gundi yake haiachii mpaka upate wembe. Ndani ya mfuko, boksi la kaki. Ndani ya boksi, karatasi nyeusi laini iliyofinyangwa kujaza nafasi tupu. Kisha ala ya karatasi ya kung'aa yenye jina la kampuni kwa rangi ya dhahabu. Ndani ya ala ndipo lilipo kasha lenyewe: ubao wa unga wa mbao uliovikwa plastiki yenye sura ya ngozi, kifuniko kinachojifunga kwa sumaku, kitanda cha sponji, na juu yake kijimto cha mahameli. Mkanda ulikuwa umezungushwa kwenye kijimto hicho. Bizimu ilifunikwa utando wa plastiki, na kando yake palikuwa na kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu chenye onyo la kutokula, kadi ya udhamini, kitambaa cha kufutia kioo cha saa, na lebo iliyoning'inizwa kwa uzi wa plastiki.

Kazi ya vitu vyote hivyo ilikwisha kwa dakika moja, mezani, chini ya feni. Kazi ya mkanda ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu nataka tuitazame fedha ilikokwenda. Kasha lilikuwa zito, kona zake zimenyooka, sumaku yake inavuta vizuri. Mkanda uliokuwa ndani ulishonwa kwa uzi mwembamba, kingo zake zilipakwa rangi haraka hata ikavuka mpaka, na bizimu ilikuwa ya bati jepesi. Aliyepanga gharama za bidhaa hii alijua kwamba mnunuzi ataamua kwa macho kabla hajaamua kwa mkono, akaitanguliza fedha machoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakitembei tena. Kinavalishwa, kinawekwa kwenye mahameli, kinasubiri.

Mkanda wenyewe ulikuwa mgumu kama ubao. Nilimpelekea fundi saa anayekaa karibu na stendi, mzee mwenye meza fupi na kijumba cha kioo kilichojaa saa zilizokufa na pini zisizo na idadi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete tuone."

Akauchomoa mkanda wa zamani kwa ncha ya kisu kidogo, akaingiza pini za springi kwenye mkanda mpya, akausukuma mahali pake mpaka ukalia. Halafu akauinua kwenye mwanga na kuupinda kidogo sana, kwa vidole viwili, akiangalia kama uso wake unajikunja au unapasuka. Ulijikunja. Akatikisa kichwa kuridhia. "Hii ni ngozi kweli. Usiukunje kwa nguvu, utaua uso wake. Uvae tu. Mwanzo tundu la nje, usibane. Usiku uvue, uupumzishe." Nilipomsogezea kasha ili alifanyie kazi yoyote anayoona inafaa, alilirudisha kwangu. Hana pa kuliweka, alisema, na wateja wake wote wanataka kumwachia makasha.

Ushauri wa fundi una sababu zake. Ngozi ya mnyama ni nyuzinyuzi zilizosokotana kila upande. Ikishasindikwa na kukaushwa, nyuzi hizo hushikana. Mtengenezaji wa mikanda huchukua tabaka mbili, huzigundisha, mara nyingi huweka kitambaa au kipande cha kukazia katikati, kisha hushona pembeni na kupaka juu dawa ya kung'arisha. Hapo ndipo ugumu unapokamilika. Kinachouondoa ni joto la mwili, unyevu kidogo wa jasho, na mwendo mdogo wa kifundo cha mkono unaorudiwa maelfu ya mara mpaka nyuzi zianze kuteleza zenyewe kwa zenyewe na mkanda ukashika umbo la mkono mmoja tu, wa mwenyewe. Hapa Mombo, kwenye joto la bondeni, kazi hiyo huenda haraka. Anayeishi Lushoto mjini, karibu mita 1,000 juu yetu kwa barabara ya kona za Soni, atasubiri zaidi, kwa sababu asubuhi za kule ngozi inaamka ikiwa imekaza kwa baridi.

Wenye haraka wana mbinu zao, na nyingi zinaharibu. Wapo wanaouloweka mkanda kwenye maji ya vuguvugu: gundi inaachia na tabaka zinatengana. Wapo wanaouanika juani juu ya bati: mafuta ya asili yanakauka na ngozi inapata mipasuko midogo ambayo haizibiki tena. Wapo wanaoupaka mafuta ya kula, ambayo baada ya muda huchacha na kunuka. Anayetaka kuusaidia apake nta ya nyuki kidogo sana upande wa ndani, asugue kwa kitambaa kikavu, kisha auzungushe taratibu kwenye kitu cha duara chenye unene wa mkono wake, auache pale usiku kucha. Zaidi ya hapo ni kuvaa. Na kuuvua usiku ni muhimu kwetu kuliko kwa watu wa nchi za baridi, maana jasho la Mombo likikaa ndani ya ngozi mchana na usiku linaiozesha.

Ugumu wa siku za mwanzo, basi, si kasoro. Mara nyingi ni ushahidi. Kuna mikanda inayouzwa kwa jina la ngozi ambayo kwa kweli ni vumbi la ngozi lililokusanywa, likachanganywa na gundi, likavikwa utando wa plastiki. Hiyo huwa laini siku ya kwanza, inateleza mkononi kama ilizaliwa nawe, kisha ndani ya miezi michache inaanza kubanduka magamba pale inapopita kwenye bizimu. Haikuwa na nyuzi za kulainika. Ilikuwa na utando wa kupasuka. Na ukienda madukani utaona kwamba hiyo ndiyo hupewa kasha zuri kuliko yote, kwa sababu bila kasha hakuna ambaye angeilipia bei ile.

Ngozi inayosindikwa kwa magome ya miti ndiyo hasa huanza ngumu na kumalizia vizuri. Milimani Lushoto miwati ipo, ingawa wengi wetu tunaijua kama kuni na nguzo. Njombe iliigeuza kuwa kiwanda: kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, na tanini inayotolewa kwenye magome yake ni dawa ya kusindika ngozi inayojulikana duniani. Usindikaji wa tanini huchukua majuma. Ule wa kemikali ya kromi, ulioenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, unaweza kukamilika kwa siku moja au mbili. Ngozi ya kromi ni laini tangu mwanzo na ni rahisi. Ya tanini inadai subira, lakini inazeeka kwa heshima, rangi yake inakolea, na fundi anaweza kuishona tena. Nchi yetu ina ng'ombe wengi, ina miwati, ina kiwanda cha ngozi Karanga pale Moshi, saa chache tu kwa basi kutoka Mombo. Hata hivyo mkanda nilioletewa ulitoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya nilicholipa ilikuwa ubao, sponji na sumaku.

Tena kuna usafiri. Mashirika ya ndege hayatozi mizigo kwa kilo pekee. Kanuni ya kawaida ya mizigo ya anga huhesabu kila sentimita za ujazo 6,000 kuwa sawa na kilo 1, kisha hutoza kwa uzito wa mizani au uzito wa ujazo, wowote ulio mkubwa. Chukua boksi la sentimita 20 kwa 15 kwa 12. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 3,600, yaani gramu 600 za kulipia. Mkanda wa gramu 15 unasafiri kwa nauli ya mara 40 ya uzito wake. Sehemu kubwa ya kinachobebwa ni hewa, na mafuta ya ndege yanachomwa kuibeba hewa hiyo kuvuka bahari, halafu dizeli ya basi inachomwa kuileta Mombo. Bei hiyo yote imo ndani ya risiti, ila haikuandikwa mstari wake.

Kuna gharama nyingine ambayo haiingii kwenye risiti kabisa, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Mombo ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita hapa, na hapa ndipo unapokata kupanda Soni, Lushoto na milima yote ya Usambara Magharibi. Mabasi yanasimama watu wale, wajisaidie, wanunue karanga na maji, waondoke. Kila basi linaacha kitu: chupa, vikombe, vifuko vya biskuti, foili ya chipsi. Na kwa kuwa vifurushi vya watu wa milimani hushushwa hapa, siku hizi yanabaki pia mabaki ya ununuzi wa mtandaoni. Kijana anashusha simu yake mpya, anaifungua palepale kuhakikisha haikubadilishwa njiani, anaitia mfukoni, anapanda gari la Lushoto. Boksi linabaki kwenye benchi. Kufikia jioni limekwisha kusukumwa mtaroni.

Anayelaumu kijana huyo alaumu taratibu. Hakuomba boksi. Hakuambiwa alipeleke wapi. Mji mdogo kama huu unatoza ushuru wa soko na wa stendi, unakusanya taka kwa gari moja au mawili, na hauna uwezo wa kutenganisha ubao na sponji, sponji na plastiki, plastiki na sumaku, vitu ambavyo kiwandani viligundishwa kwa makusudi visitengane. Katoni ya kaki ina mnunuzi. Wapo watu wanaopita kuokota na kuuza kwa kilo. Chupa za plastiki nazo zina mnunuzi. Kasha la kifahari halina. Mwokota taka analitazama, analigeuza, analiacha. Mwisho wake ni moto wa nyuma ya nyumba, na moshi wa plastiki ya namna ile, yenye gundi na rangi, wanauvuta watoto wa nyumba hiyo na wa jirani.

Kisichochomwa kinabebwa na mvua. Mto Soni unaporomoka kutoka milimani, unapita kwenye maporomoko ambayo wageni husimama kupiga picha, kisha unashuka kulisha mashamba ya mpunga ya skimu ya umwagiliaji ya Mombo. Maji yanaendelea mpaka Mkomazi, Mkomazi unaingia Mto Pangani, na Pangani unamwaga Bahari ya Hindi. Mkulima anayesafisha mfereji wake wakati wa masika hutoa vifungashio kwa reki kabla hajafikia tope. Faida ya kasha lile ilibaki kwa aliyelibuni. Kazi ya kulitoa majini ameachiwa mtu ambaye hajawahi kununua saa ya namna hiyo.

Isidhaniwe kwamba natamani zama za kubeba vitu mikononi. Kifungashio ni kazi yenye heshima kikifanya kazi yake, na historia yetu imejaa vifungashio vilivyotuhudumia kuliko hata vilichobeba. Fikiria debe. Lilikuja Afrika Mashariki kama kopo la mafuta ya taa, la lita 18 hivi, likakusudiwa kutupwa. Watu walilikataa kutupwa. Likawa kipimo cha mahindi na mchele kila soko, likawa ndoo ya maji, likakunjuliwa likaezeka nyumba, likakatwa na mafundi wa Kariakoo na Pangani likawa taa na sufuria. Mpaka leo mkulima wa Lushoto anakwambia bei ya mahindi kwa debe ingawa mafuta ya taa hayaji tena ndani ya debe. Lilipata maisha hayo marefu kwa sababu lilikuwa kitu kimoja: bati tupu, lenye nguvu, lisilogundishwa na kingine. Yeyote mwenye mkasi na nyundo aliweza kuligeuza.

Tena uwanda huu ulioizunguka Mombo uliwahi kuufungashia ulimwengu. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche aliyoagiza ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huohuo ilifika Mombo mwaka 1905, na kandokando yake mashamba ya mkonge yakaenea hadi macho yanapokoma. Katani ya huku ilifunga mizigo bandarini, ilifunga majani makavu kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani, ilisokotwa ikawa magunia. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zaidi ya 230,000, ikiongoza duniani. Kufikia mwisho wa karne uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi tani kama 20,000. Sababu ni zaidi ya moja, kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kukiwamo, lakini pigo kubwa la kutoka nje lilikuwa nyuzi za plastiki. Kamba ya nailoni na salfeti viliuzwa rahisi, na bei yao haikuhesabu kwamba havitaoza.

Kwa hiyo mtu wa Mombo amelipia plastiki mara mbili. Kwanza ilimwondolea ajira ya mkonge. Sasa inamjazia mtaro.

Zipo taratibu nyingine tulizokuwa nazo na tumeziacha zitoke mikononi bila mjadala. Soda ya chupa ya kioo: ulikuwa unafika dukani na chupa tupu, au unaacha hela ya chupa, au unainywa hapohapo umesimama. Chupa ilirudi kwenye kreti, kreti likarudi kiwandani, chupa ikaoshwa na kujazwa tena. Hakuna aliyekuwa akihubiriwa mazingira. Chupa ilikuwa na bei, na kwa kuwa ilikuwa na bei hakuna mtoto aliyeiona njiani akaipita. Sasa soda imehamia kwenye plastiki ya kubeba na kutupa. Chupa ya kioo bado ipo, lakini kila mwaka inasogezwa nyuma ya friji. Kampuni imeokoa gharama ya kuzirudisha chupa, na gharama hiyo haikupotea. Imehamia kwa Halmashauri, kwa mwenye mfereji, kwa bahari.

Ukiuzungumzia ufungashaji huku Usambara huwezi kuacha lumbesa. Kabichi, viazi na karoti za Lushoto zinashuka kupita hapa kwenda masoko ya Dar es Salaam zikiwa kwenye magunia yaliyoongezewa kilemba cha neti au kipande cha gunia jingine na kushonwa kwa kamba, kiasi kwamba gunia moja linabeba moja na nusu. Sheria ya Vipimo inakataza, kikomo ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukikamata. Bado yanapita. Tazama basi barabara hii moja inavyokwenda pande mbili: kinachoshuka kutoka kwa mkulima kinajazwa kupita kiasi ili alipwe kidogo, na kinachopanda kwenda kwake kinajazwa hewa ili alipe zaidi. Pande zote mbili aliyeamua ukubwa wa kifungashio ni yule mwenye nguvu ya kupanga bei.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba inaweza. Mwezi Machi mwaka 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku, na vifuko vile vilivyokuwa vimetapakaa kila stendi vikatoweka. Kisha Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni mwisho wa mifuko ya plastiki ya kubebea, na Juni 1 mwaka huo marufuku ikaanza Tanzania Bara. Waziri wa mazingira wakati huo, January Makamba, alikuwa mbunge wa Bumbuli, jimbo la milima hii hii. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017. Watu walisema haiwezekani, kwamba biashara itakufa. Baada ya wiki chache akina mama sokoni walikuwa wamerudia vikapu vya ukindu na mifuko ya kitambaa. Mfuko wa Rambo, uliokuwa umening'inia kwenye kila mti wa mgunga kutoka Korogwe hadi Same, ukawa habari ya zamani.

Lakini soma kanuni zile za 2019. Zinahusu mfuko wa kubebea. Plastiki ya kufungashia bidhaa za viwandani, dawa, vyakula vilivyosindikwa, kilimo na ujenzi iliachwa nje. Wakati ule ulikuwa uamuzi wenye busara. Huwezi kumnyima mgonjwa kifuko cha dawa. Matokeo yake ni kwamba mama anayekutwa na mfuko mwembamba wa plastiki sokoni anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 30,000, wakati mwagizaji wa makontena ya makasha yenye tabaka tano kuzunguka mkanda mmoja hajavunja sheria yoyote. Tulianza na mfuko wa mnyonge. Tukaishia hapo.

Nchi nyingine zimekwenda mbele. Ujerumani, iliyojenga reli inayopita Mombo, iliamua mwaka 1991 kwamba anayeingiza kifungashio sokoni ndiye abebe gharama ya kukikusanya. China, zinakotoka nyingi ya saa na mikanda tunayovaa, mwaka 2022 iliwekea keki za sikukuu ya mwezi kikomo cha tabaka tatu za kifungashio, kwa sababu makasha ya zawadi yalikuwa yamekuwa ghali kuliko keki. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni, iliyoanza kuwa na nguvu Februari 2025, inayokataza kuta mbili na vitako vya uongo vinavyowekwa ili bidhaa ionekane kubwa, na ifikapo 2030 boksi la bidhaa za mtandaoni halitaruhusiwa kuwa na nafasi tupu zaidi ya nusu. Kenya nayo, kwa sheria yake ya taka ya mwaka 2022, imeweka wajibu kwa mzalishaji. Sisi tunaopokea bidhaa hizohizo tukibaki bila kikomo, tutakuwa jalala la makasha ambayo hayaruhusiwi tena yanakotoka.

Najua watakaopinga watasema nini, na hoja yao moja ina uzito. Wajasiriamali wetu kwa miaka mingi wameambiwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, na kila mkufunzi wa semina, kwamba bidhaa zao hazipandi rafu za maduka makubwa kwa sababu ya vifungashio duni. Ni kweli. Mama anayetengeneza jamu ya plamsi Lushoto anahangaika kupata chupa yenye kifuniko kinachokaza, na zilizopo zinatoka nje ya nchi kwa bei inayomeza faida yake. Huyo anahitaji kifungashio zaidi. Ila chupa yake inalinda chakula, inaonyesha kilichomo, inaoshwa na kutumika tena jikoni kwa mnunuzi. Sheria inayojua kutofautisha chupa hiyo na kasha la mahameli haiwezi kumuumiza. Hoja ya pili, kwamba kasha ni uthibitisho wa bidhaa halisi, haina nguvu kabisa: wanaoghushi saa wanaghushi na makasha, tena kasha ni rahisi kughushi kuliko ngozi. Fundi wangu aliutambua mkanda kwa kuupinda. Kasha hakuligusa mpaka nilipomsogezea.

Ninachoomba kinaandikika ndani ya kurasa chache chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kikomo cha nafasi tupu ndani ya boksi la bidhaa ndogo zinazoagizwa, na kikomo cha tabaka. Marufuku ya kugundisha pamoja vitu visivyoweza kutenganishwa kwa mkono, ili mwokota taka apate riziki yake. Tozo kwa mwagizaji kwa kila kilo ya kifungashio, na fedha hiyo iende kwenye halmashauri ambako vifungashio vinashushwa na kufunguliwa, Korogwe na Lushoto zikiwamo, isiishie Dodoma. Na hela ya chupa irudi, kwa sheria, kwa chupa za plastiki kama ilivyokuwa kwa za kioo. Mwagizaji akishaona kwamba ubao, sponji na sumaku vinamgharimu, atamwambia mtengenezaji apunguze, na huenda fedha hiyo ikarudi kwenye uzi, kwenye kingo, kwenye bizimu. Mkanda mzuri kwenye bahasha ya katoni yenye jina lake na kipande cha nta cha kuulainishia ungenifurahisha zaidi, na ungekaa mkononi mwangu miaka.

Mifuko ya plastiki ilipewa chini ya miezi miwili, kutoka tangazo la bungeni hadi marufuku, na waliotakiwa kubadilika walikuwa mamilioni ya watu wa kawaida na wauza nyanya. Waagizaji wa makasha wanahesabika, wana leseni, wana maghala, wana wanasheria. Wapewe mwaka mmoja.